Siku Nilizokopa Kathiani

Baba yangu mdogo alisema mambo matatu ambayo mimi sitayaweza, na aliyasema kwenye foleni ya kusaga mahindi, mahali ambapo neno halipotei. La kwanza, kwamba sitamaliza kidato cha nne. La pili, kwamba nikienda Uarabuni nitarudi kabla ya miezi sita nikiwa nimeuza hadi viatu. La tatu alilisema miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimesharudi na kujenga nyumba ambayo paa lake linaonekana ukiwa ng'ambo ya bonde: kwamba mengine naweza kuyafanya, lakini kuinama na jembe siku nzima kwenye shamba la mtu sitaweza kamwe.

"Huo mgongo ni wa kupigwa picha," alisema. Foleni nzima ikacheka. Mama yangu alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo, na debe lake la mahindi.

Mawili ya kwanza niliyajibu. Shule nilimaliza. Uarabuni nilikaa miaka saba. Nilianza kwa kubeba mabomba ya maji begani, nikaondoka nikiwa msimamizi wa bustani ya hoteli kubwa, mtu anayeweza kuangalia jani la mtende na kukuambia bomba gani limeziba na tangu lini. Niliporudi nilijilipia diploma ya utunzaji wa miti na bustani kwa pesa yangu. Harambee haikuitishwa, na mjomba hakuuza ng'ombe. Nasema haya kwa sababu ni ya kweli, na pia kwa sababu msomaji asipojua nilikuwa nimesimama wapi hatajua nilianguka kutoka wapi.

Kazi niliyopata ilikuwa ya kusimamia miti na bustani za mji wa Machakos. Naomba niruhusiwe kujisifu kidogo, maana hapa ninastahili. Kabla yangu miti ya mji ilinyolewa vichwa tu. Mtu alipanda na panga, akakata juu, akashuka, na mti ukabaki umesimama kama kigogo cha kufungia punda. Mimi ndiye niliyewafundisha vijana wetu wa msumeno kulikata tawi zito mara tatu: kwanza kwa chini kidogo, kisha kwa juu, halafu kisiki chake karibu na shina, ili tawi lisichune gome likianguka. Mimi ndiye niliyeanza kung'oa misumari. Miti ya mji wetu ilikuwa imebeba matangazo ya vyumba vya kupangisha, ya waganga, ya kununua nywele. Tuling'oa misumari ndoo mbili, nikaiweka ndoo moja mezani ofisini ili kila anayeingia aione. Wenye vibanda waliokuwa wakichoma takataka kwenye mashina niliwatembelea mmoja mmoja. Wakaanza kuniita Injinia, ingawa sikuwa injinia. Sikuwasahihisha.

Ndipo ikaja kazi ya barabara mpya. Ilikuwa barabara ya kuingilia mjini, pande zote mbili hakuna hata kichaka, na mgeni mkubwa alikuwa anakuja kuifungua. Niliambiwa miti iwe imesimama siku hiyo. Vijana wangu wote walikuwa upande mwingine wa mji wakiondoa matawi kwenye nyaya za umeme, kazi isiyoweza kuahirishwa kwa sababu mvua za Novemba zilikuwa zimeanza kunguruma. Nilikuwa na siku mbili, miche ya jakaranda lori zima, na dereva wa lori la maji. Wa kuchimba mashimo sikuwa naye.

Nikapanda Kathiani, kwetu, kwa kikundi cha mama yangu.

Kwetu kikundi hicho tunakiita mwethya. Watu wanalimiana kwa zamu: leo wote kwangu, wiki ijayo wote kwako, wakichimba mitaro ya kuzuia udongo kwenye miteremko yetu, kupalilia, hata kuteka mchanga wa kujengea. Hakuna anayelipwa. Siku niliyokupa ni siku yangu iliyo kwako, na utanirudishia siku, si kitu kingine. Nimekua nikiona mama yangu akienda kurudisha siku ya mtu akiwa na homa.

Walikuwa wanawake tisa. Niliwaambia ninaomba siku mbili za kila mmoja, na kwamba nitazirudisha mwenyewe. Waliangaliana. Mwenyekiti wao, mjane wa karibu miaka sabini, mfupi, mdomo mkali, aliniangalia viatu kisha uso.

"Utarudisha na hayo mabuti ya mjini?"

Nikasema nitanunua gambuti. Wakacheka, wakakubali. Mama yangu hakucheka, lakini alikubali pia, na siku zake mbili zimo katika hesabu.

Siku ya kwanza tulichimba mashimo. Niseme tulichimba, lakini mimi nilikuwa nikitembea na futi nikipima nafasi. Jioni yake kulikuwa na jambo moja tu la kufanya, na kila anayeuza miche kando ya barabara pale Kyumbi analijua: miche ya kupandwa kesho inamwagiliwa leo mpaka ishibe. Udongo ulioshiba maji unashikana. Ukipasua karatasi ya nailoni asubuhi, mche unatoka na tonge lake la udongo, mizizi haijui hata kama imehamishwa. Dereva wa lori la maji alikuwa akingoja simu yangu. Sikumpigia. Nilikuwa kwa fundi nikijaribu suti ya kuvaa mbele ya mgeni, bega la kulia lilikuwa limekataa kukaa, na lilipokubali hatimaye nilikwenda nyumbani nikilifikiria bega.

Asubuhi miche ilikuwa mikavu. Mjane alipasua karatasi ya kwanza kwa wembe, na udongo ukamwagika wote kama unga, mche ukabaki mkononi mwake na mizizi mitupu. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akaupasua polepole, huku mwenzake ameushika kwa viganja viwili, ukamwagika vile vile. Mche wa namna hiyo ukiuweka shimoni unalala chini kufikia saa sita.

Akaniuliza kama ilimwagiliwa jana. Nikasema ilimwagiliwa. Akashauri tuimwagilie sasa, tuiache inywe, tupande kesho mapema. Nikamwambia kesho saa nne mgeni atakuwa amesimama hapa.

"Basi pandeni na karatasi zake," nikasema.

Walidhani hawajasikia vizuri. Nikarudia. Mjane akasimama wima, jambo lililomchukua muda, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekuficha aibu yako: "Mwanangu, huo mti mizizi itatokea wapi?"

Ningeweza kumjibu kwa upole. Ningeweza kusema najua, mama, nimebanwa. Lakini wote walikuwa wakiniangalia, na mama yangu miongoni mwao.

"Nani hapa ana diploma?" nikauliza.

Mjane akasema, "Ni wewe." Akainama, akachukua mche wa nne na karatasi yake, akauweka shimoni, akaufukia, akaushindilia kwa kisigino vizuri kabisa, kama kazi nyingine yoyote. Mama yangu akafuata. Wote wakafuata. Nami nilijiona nimeshinda.

Mgeni alikuja, suti ilikaa, picha zikapigwa. Miti ilikuwa imesimama wima pande zote mbili kama askari. Bosi wangu, mtu asiyesifu ovyo, alinipa mkono mbele ya watu. Jambo moja jema lilitoka siku hiyo: alivyoona wale wanawake walivyochapa kazi, akawaandika watano wao, mjane akiwa kiongozi, wawe wakiimwagilia miti ile kwa mshahara wa kila wiki. Kwa mjane hiyo ilikuwa karo ya mjukuu na mabati ya jikoni. Sijui kama aliwahi kupata mshahara kabla ya hapo. Mimi nilijiambia kwamba nimewainua.

Siku zao mbili mbili sikuzirudisha. Kila Jumamosi nilikuwa na kazi.

Mwaka ukapita. Miti haikufa. Kufa kungekuwa afadhali. Ilibaki pale pale, urefu ule ule, majani ya manjano nchani, na mjane akiimwagilia kama mtu anayelisha mtoto asiyenenepa. Nilisema ni udongo mbaya wa barabara. Niliandika hivyo kwenye ripoti, kwa Kiingereza kizuri. Mvua za Novemba za mwaka wa pili zikaja na upepo wake, na asubuhi moja tukakuta miti kumi na mmoja imelala, haikuvunjika, imelala tu, kama mtu aliyesukumwa akiwa amefungwa miguu.

Bosi alikuja. Dereva wa lori la maji alikuwepo, na vijana wa msumeno, na ng'ambo ya barabara mjane akiwa na mpira wa maji. Bosi akashika mti mmoja kwa mkono mmoja akauvuta. Ukatoka wote bila kupigana. Ulikuwa bado umevaa karatasi yake nyeusi, na ndani yake mizizi imejizungusha na kujizungusha mpaka ikawa kama kamba iliyokunjwa kwenye kopo. Akavuta wa pili. Wa tatu.

"Nani alipanda hii miti?"

Nimejiuliza mara nyingi ni muda gani ulipita kabla sijajibu. Nadhani haukupita.

"Ni wale akina mama kutoka kijijini," nikasema. "Niliwaelekeza, lakini unawajua. Hawajui kupanda."

Dereva, ambaye alijua hakupigiwa simu jioni ile na ambaye alikuwepo asubuhi yake, aliinama akaanza kuangalia tairi ambalo halikuwa na shida. Nikainua macho. Mjane alikuwa amesikia, barabara si pana. Alifunga bomba. Akaukunja mpira wa maji kwa mizunguko mikubwa sawasawa, kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe, akauweka kando ya mtaro, akachukua kiondo chake akaondoka. Ijumaa ile wote watano waliambiwa wasirudi. Na kule Kathiani kikundi cha mama yangu kikapata jina: akina mama wa karatasi. Mwanamke mmoja wa kikundi aliyekuwa akiuza miche yake sokoni alirudi nayo nyumbani wiki tatu mfululizo.

Nilikwenda nyumbani Jumapili moja baadaye. Mama alinipakulia muthokoi, akangoja nimalize, akaondoa sahani. Hakuniuliza nilisema nini barabarani. Alikaa mbele yangu akasema, "Wewe uko na siku za watu."

Nikasema nakumbuka.

"Ni kumi na nane."

Nikasema nitawalipa. Wiki hiyo nikapeleka kwa kila mmoja sukari, unga na mafuta ya kupikia, kwa pikipiki, na mzigo wa mjane niliuongezea leso. Kufikia alasiri mizigo yote tisa ilikuwa imepangwa mlangoni kwa mama yangu, wa kwake mwenyewe ukiwa juu, leso ya mjane ikiwa imekunjwa vile vile ilivyotoka dukani. Nikauliza kama wanataka pesa taslimu. Mama akaniangalia kana kwamba mimi ni mtoto wa mtu mwingine.

"Walikupa siku," akasema.

Jumamosi iliyofuata nilifika kwa mwanamke wa kwanza na gambuti mpya na jembe ambalo bado lilikuwa na karatasi ya bei. Baadhi ya wenzake walikuwa wamefika kwake, wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Walinipa mtaro upande wa mteremko wenye mawe. Kazi yake ni kuchimba na kurusha udongo juu, si chini, ili ukingo ujengeke upande wa juu wa mtaro na maji yasichukue shamba. Kurusha udongo juu siku nzima si jambo nililofundishwa chuoni. Kufikia saa tano viganja vilikuwa vimetoka malengelenge. Kufikia saa nane yalikuwa yamepasuka.

"Injinia, hilo jembe haliumi, lishike," mmoja wao aliniambia.

Baba yangu mdogo alipita na baiskeli, akasimama, akaegemea usukani akaangalia kwa muda. "Nilisema hawezi kuinama," akawaambia wanawake. "Nilikosea. Anainama. Kuinuka ndiyo hawezi." Ilikuwa kweli. Nilikuwa nikijaribu kuinuka wakati huo huo.

Hivyo ndivyo Jumamosi zangu zilivyokwenda. Siku mbili kwa huyu, siku mbili kwa yule. Hakuna hata mmoja aliyenitajia barabara. Walinipa chakula na kunicheka, wakaniuliza bei ya vitu Uarabuni, na kwa kutonitajia walinibana kuliko kama wangenitukana. Nilijifunza mambo ya kunikera: kwamba mwanamke aliyekosa soko la miche alikuwa na kitalu nyuma ya nyumba kilichopangwa vizuri kuliko cha ofisi yetu, na kila mche ulikuwa umekatwa mizizi ya chini kwa wakati wake. Aliyenizuia kujua mambo hayo alikuwa ni mimi mwenyewe, siku ile niliyouliza nani ana diploma. Siku za mama yangu nilizirudisha kwa zamu yake kama wengine. Hakunipunguzia hata saa.

Zikabaki siku mbili. Zilikuwa za mjane.

Nilifika kwake asubuhi, jembe begani, nikamkuta akichambua maharagwe. Nikamsalimu, nikamwambia nimekuja kurudisha siku zake. Hakuinua uso.

"Zangu sichukui."

Nikamuuliza kwa nini, wakati wenzake wote wamechukua.

"Ulisema sijui kupanda, na ulisemea barabarani, watu wakisikia," akasema. "Sasa unataka kunilipa huku, mbuzi wakiangalia."

Nilisimama pale na jembe langu. Nikaanza kumweleza kwamba nikisema ukweli ofisini ninaweza kupoteza cheo, kwamba nimekitafuta tangu nikiwa mbeba mabomba, peke yangu, bila msaada wa mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachagua punje mbaya akaitupa kwa kuku.

"Mimi pia nilikuwa na kazi," akasema.

Nilirudi mjini. Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kwa bosi kesho yake. Nilikaa wiki tano. Nilipita barabara ile kila siku, nikaangalia miti iliyobaki, na nilijua kwamba ndani ya kila mmoja kuna karatasi yangu.

Jumatatu moja, vijana walipokusanyika kando ya barabara ile ile kugawiwa kazi na bosi akiwepo, nikasema. Nilisema miche haikumwagiliwa kwa sababu mimi sikupiga simu, na sikupiga simu kwa sababu nilikuwa kwa fundi nikijaribu suti. Nilisema akina mama walinikataza kuipanda na karatasi, nikawanyamazisha kwa diploma. Kijana mmoja wa msumeno alianza kucheka kwa sababu ya suti, akaacha. Dereva aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Bosi hakupaza sauti. Aliniuliza swali moja tu, kama dereva anaweza kuthibitisha, na dereva akathibitisha.

Nilivuliwa usimamizi miezi minane. Nilifanya kazi chini ya kijana niliyemfundisha mimi kukata tawi mara tatu, na lazima niseme nilimfundisha vizuri. Akina mama watano waliitwa tena, kwa barua, na barua ilisema kosa halikuwa lao. Mjane aliniambia baadaye kwamba alisomewa na mjukuu mara mbili, na mara ya tatu akamwambia aisome kwa sauti kwenye foleni ya kusaga mahindi. Miche ya kupanda upya ilinunuliwa kwa yule mwenzao mwenye kitalu. Tuling'oa jakaranda zote. Jioni kabla ya kupanda nilimwagilia miche mipya mimi mwenyewe mpaka maji yakatiririka chini, na asubuhi kila karatasi niliyoipasua iliacha tonge zima.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa mjane bila kumuuliza. Alikuwa amenichorea mstari wa mtaro kwa vijiti. Nilichimba siku hiyo, nikachimba Jumamosi iliyofuata. Alipita mara mbili kukagua, akaonyesha kwa fimbo mahali ambapo ukingo ulikuwa umelegea, nikarudia. Mgongo haukunisumbua tena, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Jua lilipoanza kupungua alinyanyua mkono nikaacha. Aliingia nyuma ya jiko akatoka na mche wa mparachichi ulioota kwenye karatasi ya unga, akanionyesha mahali, mwisho wa ukingo. Nikachimba shimo. Nikapasua karatasi kwa wembe wake, taratibu, nikiogopa, na udongo ulikaa mzima mkononi mwangu, wenye unyevu, haukumwagika hata chembe. Alikuwa ameumwagilia jana yake.

Nikaupanda, nikaushindilia kwa kisigino.

"Zimeisha," akasema. "Enda, mama yako ameweka chakula."

Ile karatasi nilikuwa bado nimeishika. Sikujua pa kuitupa mbele yake, nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikashuka nayo.